Karara la Dirishani kwa Bi Zena

Siku hizi mteja anakuja gengeni mikono ikining'inia. Akinunua maharage anapewa mfuko, akinunua nyanya anapewa mfuko mwingine, na akifika nyumbani mifuko ni mingi kuliko chakula. Siwalaumu, mmeyakuta. Lakini nyie vijana mnaoanza kuuza vyakula, mnaokuja barazani kwangu kuniuliza mchele mzuri unajulikanaje, nataka mjue tulivyouza wakati hakukuwa na cha kufungia. Na hasa nataka mjue habari za ule wakati ugonjwa ulipoingia Temeke, kila mkono ukawa wa kuogopwa.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, na vita vya Ulaya vilikuwa vimefanya kila kitu kiwe adimu. Zamani wenye maduka walikunja gazeti kuukuu kwa umbo la pia wakafungia sukari. Sasa hata gazeti kuukuu lilikuwa halipatikani. Gunia likitoboka lilishonwa, likitoboka tena likashonwa tena, mpaka ukawa huoni gunia, unaona nyuzi. Basi mteja alikuja na chombo chake. Huyu kapu la ukindu, yule kikombe cha bati, mwingine ncha ya khanga anayoifunga fundo. Mafuta ya nazi yalitiwa kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi. Nilikuwa siyajui majina ya wateja wote, lakini vyombo vyao nilivijua. Nikiona kapu lenye mkono wa kitambaa chekundu najua ni robo ya maharage na chumvi. Nikiona kikombe cha bati kilichovunjika mpini najua ni mzee wa upande wa kisimani, anataka mchele wa kumtosha mtu mmoja.

Genge halikuwa langu. Lilikuwa la Bi Zena, Mzaramo wa hapo hapo Temeke, mjane, anayeishi na mjukuu wake Idi. Mie nilitoka Unyamwezi. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, nikaja Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini. Bandarini walitaka wenye mabega. Bi Zena alinikuta nimekaa chini ya mnazi wake na njaa yangu, akaniuliza kama naweza kubeba gunia. Nikasema naweza. Sikuweza, lakini nilijifunza. Miaka yangu yote iliyofuata niliimalizia kwenye kazi hiyo.

Mnajua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani akikukejeli unatakiwa umrudishie, tena kwa chumvi zaidi, na ukinyamaza unamnyima haki yake. Mie nilikuwa na haya mbaya sana. Bi Zena akinitania niliinamisha kichwa nikaendelea kuchambua maharage.

"Mnyamwezi," anasema mbele ya wateja, "umekuja pwani kwa miguu yako miwili, ulimi umeusahau Tabora?"

Watu wanacheka, mie nachambua.

"Jamani, nimenunua bubu! Tena bubu anayekula!"

Nachambua.

Haya hiyo ilinitia hasara. Alikuja mama mmoja na chupa, akataka mafuta ya nazi. Kanuni ya Bi Zena ilikuwa kwamba chupa ya mteja lazima uinuse kabla hujaitia kitu. Nikaona aibu kuipeleka puani chupa ya mama wa watu, kana kwamba nasema nyumba yake chafu. Nikajaza. Kesho yake akarudi na sufuria la wali kichwani, akalitua mbele yetu na kulifunua. Wali ulinuka kama taa ya kandili. Ile chupa ilikuwa ya mafuta ya taa.

Bi Zena alimpa mafuta mengine, akampa na mchele, akasubiri aondoke ndipo akanigeukia. "Haya yako imewapikia watu mafuta ya taa. Mteja hakasiriki ukinusa chupa yake. Anakasirika akila taa."

Ndivyo alivyofundisha. Mchele, alisema, usiutazame tu. Tia punje mdomoni uing'ate. Ikikatika kwa sauti ni mkavu, utavimba vizuri chunguni. Ikibonyea, huo ni unyevu uliouziwa. Maharage yamwage kwenye ungo uyasikilize, maana yaliyoliwa na wadudu yana sauti nyepesi kama ya makapi. Kipimo chetu kilikuwa kibaba, na kibaba kina namna mbili: cha mfuto, unachokifuta juu kwa kiganja kikawa sawa na mdomo, na cha tele, kinachoachwa na kilima chake. Vyovyote upimavyo, mwisho unatia nyongeza kwa mkono, konzi moja, huku ukimtazama mteja usoni. "Kibaba ni haki yake," alisema Bi Zena. "Konzi ni salamu." Alikuwa na makovu ya ndui usoni tangu utotoni, na akicheka makovu yale yalijikunja yote kwa pamoja.

Ndui ndiyo iliyorudi.

Tuliisikia kwanza upande wa mjini, halafu kwa majirani. Bwana afya akaja na watu wake, wakatuchanja mikononi, foleni ikizunguka minazi. Akapita na gengeni. Alikuwa mtu mpole, kaptula imepigwa pasi ikasimama kama ubao. Akasema mteja asichovye mkono kwenye mchele, asing'ate punje akairudisha, chombo cha mteja kisigusane na kibaba, na nyongeza ya mkono iachwe.

Kila alichokataza kilikuwa ndiyo biashara yenyewe. Nikaanza kuchota kwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu, na kumwaga kutoka juu ili kibaba kisiguse kapu. Nusu inaingia, nusu inaruka. Watu wa Temeke walikonda mwaka ule, lakini kuku walinenepa. Na nyongeza ilipokoma, wateja waliumia kuliko kama tungepandisha bei.

"Mkono umekatika, Mnyamwezi?" aliniuliza mwenye kapu la kitambaa chekundu.

Nilitaka kumweleza. Nikainamisha kichwa. Akaenda kununua kwingine.

Siku chache baadaye yule mjukuu, Idi, aliamka na homa, na vipele vikafuata. Bwana afya akaja na kamba ya katani, akaizungushia nyumba nzima kwenye vigingi. Bi Zena alikataa kutoka. "Mie ilinipitia zamani, haina tena la kunifanya," alisema. Bwana afya akakubali, maana ni kweli, aliyepona ndui haimrudii. Akatueleza masharti: hatoki mtu wala haingii mpaka magaga ya vipele vya mtoto yote yaanguke. Chakula kiwekwe kwenye kamba. Na chombo kikishaingia ndani hakitoki mpaka siku ya kufungua nyumba, ndipo kitachemshwa au kichomwe.

Nikabaki na genge peke yangu. Jioni ile nilipima unga na maharage, vibaba vya tele, nikatia kwenye bakuli langu la bati, ambalo ndilo chombo pekee cha maana nilichokuwa nacho, nikaliweka kwenye kamba. Bi Zena akatoka akalichukua. Akalitazama kidogo, akaingia nalo.

Baada ya siku mbili nilirudi na chakula kwenye kikapu. Akasimama mlangoni.

"Tumeshiba, mwanangu. Rudi nacho."

"Bi Zena, kile cha juzi..."

"Kipo. Tumeshiba."

Kesho yake nikaja tena. Safari hii hakutokea mlangoni, alijibu kutoka ndani. "Tumeshiba, ahsante." Sauti ilikuwa ya mtu mwenye kiu. Nikatazama paa. Nyumba ya makuti ikipikiwa, moshi hupenya juu ya paa lote kama jasho, huwezi kuuficha. Paa la Bi Zena lilikuwa kavu. Siku iliyofuata nilipita asubuhi, mchana na jioni. Nilimwona mara moja tu, amekaa kizingitini, bega kwenye mwimo wa mlango. Mkono aliouinua kufukuza nzi ulishuka kabla haujafika.

Nilidhani amenikasirikia. Nikaenda kwa Mama Hamisi, jirani yake, aliyekuwa nyuma ya nyumba anapasua makarara ya kuwashia moto. Karara ni lile ganda gumu linalofunika maua ya mnazi. Likikauka huanguka, limefumbuka katikati, refu na lenye tumbo kama mtumbwi wa kuchezea watoto.

"Hataki chakula changu," nikamwambia. "Sijui nimemkosea nini."

"Ulimpelekea kwenye nini?"

"Bakuli."

"Bakuli la nani?"

"Langu."

Mama Hamisi akaweka panga chini. "Wewe Mnyamwezi wewe! Umemfunga mzee pingu. Bakuli la watu limo ndani mwake, hana ruhusa ya kulitoa. Na hata angeruhusiwa, alitoe na nini? Nyumba haina kitu. Huku kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama ni kwa limau moja. Zena tangu nimjue hajarudisha sahani tupu, hata alipofiwa na mumewe. Na wewe umemwekea chombo cha kwanza, unamletea cha pili!"

"Lakini unga ni wa genge lake mwenyewe!"

"Nani anazungumza unga? Nimekuuliza bakuli."

"Na mtoto anakula nini?"

"Mtoto anapikiwa uji kidogo usiku, wa ule unga wako wa kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshiba." Akalisema neno hilo la mwisho kwa kulivuta. "Nimempelekea na mie, nikaambiwa hivyo hivyo. Unga wa bakuli ukiisha, sijui."

Nikasimama pale. Bwana afya anasema chombo kikiingia hakitoki. Bi Zena anasema chombo hakirudi kitupu. Na katikati ya maneno hayo mawili kuna mzee anauguza mtoto bila kula. Kapu halifai, sahani haifai, hata jani ukifungia chakula linakuwa chombo cha mtu. Nilitaka unga uingie peke yake.

Mama Hamisi alikuwa ameokota panga, amelishika karara jingine alipasue.

"Usilipasue hilo," nikasema.

Nilimwomba matatu. Nikayatoboa kwenye ncha, nikayaunganisha kwa ukambaa, moja likiingia ndani ya jingine kama vigae. Nikakata miti yenye panda ya kuyaegemeza, nikaanzia juu nje ya kamba na kuteremsha mpaka kwenye dirisha dogo la udongo la jikoni kwa Bi Zena. Majirani wakatoka. Haya yangu nayo ikatoka, ikanikaa shingoni. Njia nzima ilikuwa inanitazama.

"Bi Zena," nikaita, kidogo.

"Tumeshiba."

"Weka chungu chini ya dirisha."

"Nimesema tumeshiba, hunisikii?"

Mama Hamisi alikuwa pembeni yangu. Akaninong'oneza, "Hivyo hutamweza. Wewe si mtani wake?"

Mpaka leo sijui maneno yalitoka wapi. Nilivuta pumzi nikapiga kelele, sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

"Bi Zena! Nasikia Wazaramo siku hizi wanashiba kwa kunusa moshi wa jirani!"

Mtu mmoja akashika mdomo. Nikajua nimeharibu, nimemtukana mzee mwenye mgonjwa.

Halafu, taratibu, kutoka jikoni: "Nani huyo?"

"Mie. Mnyamwezi."

"Yule bubu?"

"Bubu ameufuata ulimi Tabora. Amerudi nao."

"Umechelewa. Nimekungoja miaka."

"Njia ni ndefu, na Wazaramo hawakunipa nauli. Sasa sikiliza. Sijaleta bakuli. Sijaleta kapu, wala kawa, wala jani. Nimekuja na maharage matupu, na hayo maharage ni yako. Kama huyataki nayamwaga hapa, kuku waje wanishukuru. Wao hawana maringo."

Watu walianza kucheka. Kisha nikasikia chungu kinaburuzwa ndani kwenye sakafu ya udongo.

"Kibaba cha mfuto au cha tele?" akauliza.

"Cha tele."

"Haya. Tuone elimu ya misheni."

Nikamwaga. Maharage yaliteremka ndani ya makarara yakilia kama mvua ya kwanza kwenye makuti, yakaingia dirishani mpaka la mwisho. Nikafuatisha unga, nao ukakwama njiani, nikawa nagonga karara kwa kijiti huku Bi Zena akinikejeli kutoka ndani kwamba Mnyamwezi amepigana na unga na unga umeshinda. Lishikeni hilo: nafaka hutembea, unga hulala. Kesho yake nilileta mchele. Nilipomaliza nilichota kata moja zaidi, nikasema kwa sauti, "Na konzi!" Sikumwona uso, lakini nilimsikia akirudia polepole, "Na konzi."

Siku ile ya maharage, baada ya muda, paa lilianza kutoa moshi. Mama Hamisi alilitazama, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaniambia nimemmalizia kuni zake.

Tukaendelea hivyo, na Mama Hamisi naye akamwagia vyake humo humo. Na kwa kuwa watu walikuwa wameona, nikaweka karara jingine gengeni. Mteja anaweka kapu lake mwisho, anasimama mbali, mie namwaga kutoka huku. Mwanzoni walisema nawalisha kama punda. Nikawajibu kwamba punda hachagui maharage, wao wanachagua. Nilishagundua kwamba ulimi ukifunguka mara moja haukubali kufungwa tena. Nyongeza niliitia kwa kata, nikiitangaza kwa sauti na kwa mzaha, mteja mmoja mmoja, na nikaona nyuso zinalegea kama zamani. Mwenye kapu la kitambaa chekundu akarudi.

Wote hawakurudi. Kile kikombe cha bati kilichovunjika mpini kilikuja siku moja, halafu hakikuja. Niliweka kando mchele wa mtu mmoja, nikakingoja kikombe juma zima. Baadaye tulisikia kwamba mzee wa kisimani alizikwa mapema asubuhi, na watu wachache. Kazi hii ina mambo yake. Unamjua mtu kwa chombo, na siku chombo kisipokuja hujui umwulize nani.

Idi alipona. Magaga yalianguka, yakamwachia uso kama wa bibi yake. Bwana afya akaja akafungua kamba, nyumba ikapakwa chokaa, vitu vingine vikachemshwa na vingine vikachomwa. Mie nilikuwa gengeni, sikwenda kutazama. Haya ilikuwa imenirudia kidogo. Nilijiuliza nitamtazamaje mzee niliyempigia kelele njia nzima ikisikia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napanga vibaba nikawaona wanakuja. Bi Zena mbele, amekonda, khanga imemzunguka mara nyingi kuliko zamani. Idi nyuma. Wamebeba kitu kirefu, huyu ncha hii na yule ncha ile, kimefunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba. Pokea chombo chako."

Akafunua. Lilikuwa karara, na ndani yake vitumbua vimepangwa kutoka ncha hadi ncha, bado vina moto.

"Sikuleta chombo," nikasema. "Nilikwambia sijaleta chombo."

"Ulidhani Mzaramo mjinga? Kinachobeba chakula ni chombo. Yale yako nimeyachoma, amri ya bwana afya. Hili nimeliokota leo." Makovu yake yakajikunja yote. "Bakuli lako ngoja kwanza, sijapata cha kulijaza. Na hili karara, Mnyamwezi, ukilirudisha tupu usinijue."

Jioni nililipeleka na karanga. Lilirudi na mihogo ya kuchemsha. Likapasuka tukaokota jingine, minazi ilikuwa mingi, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja kulikuwa na karara moja ama kwake ama kwangu, wala hatukuwa na sababu nyingine ya kulitunza.

Bi Zena alipofariki, lilikuwa kwangu. Nililijaza mchele wa kung'ata, niliouchambua mwenyewe punje kwa punje, nikalipeleka matangani na kuwakabidhi wapishi. Sikumwambia mtu kitu. Nikajua limekwisha.

Baada ya arobaini nilisikia hodi mlangoni. Nikafungua. Alikuwa Idi, sasa mwanamume mwenye ndevu, amelibeba karara begani, limefunikwa.

"Shikamoo, mtani," akasema. "Pokea chombo chako."